Namna ya Kutumia Sheria za Kenya Dhidi ya Ubaguzi wa Kikabila Kazini

Mtu aliyenyimwa kazi, cheo au mshahara stahiki kwa sababu ya kabila lake huwa na hakika ya jambo hilo mapema sana, pengine kabla hajatoka kwenye chumba cha mahojiano. Mahakama haina hakika hiyo, na haiwezi kuazimwa kwa maneno matupu. Sheria za Kenya zinazomlinda mtu huyo ni kali kuliko wengi wanavyodhani, lakini zinamtaka aonyeshe mtu mwingine aliyekuwa katika hali kama yake akatendewa tofauti, na zinamtaka apitie mlango unaostahili, yaani mahakama au tume inayohusika, kabla muda haujaisha. Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili, ushahidi wa ulinganisho na uchaguzi wa mlango, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua hatima ya shauri.

Msingi wa kila kitu ni Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010. Aya yake ya nne inaikataza Serikali kumbagua mtu yeyote, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ya rangi, asili ya kikabila au kijamii, utamaduni, lugha, mavazi, kuzaliwa na mengine kadhaa; aya ya tano inalipeleka katazo hilo hilo kwa watu binafsi, hivi kwamba mwenye kiwanda, mwenye hoteli na mwenye nyumba za kupangisha wamefungwa nalo sawasawa na wizara. Juu ya msingi huo ipo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 5 kinamlinda mfanyakazi pamoja na mtu anayetafuta kazi tu, na kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ipo pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, ambayo kifungu chake cha 7 kinasema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Kwa kaunti, kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinazitaka bodi za utumishi zihakikishe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zinakwenda kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti hiyo.

Kanuni ya theluthi inapendwa sana na walalamishi, na mara nyingi inatumiwa vibaya. Inahusu taasisi za umma peke yake. Kampuni binafsi haiwezi kushtakiwa kwa kuivuka. Isitoshe, ukithibitisha kwamba taasisi fulani ina asilimia 60 ya watumishi wa kabila moja, umethibitisha kwamba taasisi imekiuka kifungu cha 7, lakini hujathibitisha kwamba wewe ndiwe uliyenyimwa nafasi kwa sababu ya kabila lako. Takwimu hizo ni ushahidi wa mazingira, na zinahitaji kuunganishwa na tukio lako mahususi.

Kuhusu ubaguzi usio wa moja kwa moja, chukua tangazo la kazi ya mtunza bohari linalosema kwamba mwombaji lazima azungumze kwa ufasaha lugha ya wenyeji wa eneo hilo. Tangazo halijataja kabila lolote, ila matokeo yake ni kuwafungia nje karibu watu wote wasio wa kabila hilo, na kuhesabu mifuko ya saruji hakuhitaji lugha ya mama. Sharti hilo hilo likiwekwa kwa mtangazaji wa redio inayotangaza kwa lugha hiyo ni halali, kwa kuwa sheria inaruhusu tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Unapokutana na sharti la namna hii, jiulize kama kazi ingefanyika vizuri bila hilo; mahakama nayo itauliza hivyo.

Ushahidi

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kina aya ya saba ambayo kila mlalamishi anapaswa kuijua: pale ubaguzi unapodaiwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Ni kinyume cha desturi ya madai ya kawaida, na ni silaha kubwa. Hata hivyo, usiichukue kama ruhusa ya kwenda mahakamani mikono mitupu, kwa maana majaji hutaka kwanza waone msingi wa dai ndipo mzigo uhamie upande wa pili. Shauri moja la ubaguzi wa rangi kutoka ranchi moja ya Laikipia, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, linaonyesha vizuri jinsi jambo hili linavyokwenda. Mkuu wa usalama, Mkenya mweusi, alilalamika kwamba alilipwa kidogo mno kuliko Mzungu aliyeshika nafasi hiyo. Nguvu ya dai lake ilikuwa katika ulinganisho, yaani cheo kimoja kwa mishahara miwili, na mwajiri akabaki na kazi ya kueleza tofauti hiyo ilitoka wapi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumpata mtu wa kulinganishwa naye. Chora jedwali kwenye karatasi: upande mmoja wewe, upande wa pili yule aliyepewa kazi au mshahara mkubwa, kisha ujaze elimu, vyeti vya taaluma, miaka ya uzoefu, tarehe ya kuajiriwa, majukumu ya kila siku, alama za mahojiano kama zinajulikana, na malipo. Jaza kwa uaminifu. Ikiwa mwenzako ana shahada ambayo wewe huna, iandike, kwa sababu wakili wa mwajiri ataiandika. Jedwali likionyesha kwamba mnalingana katika kila jambo la maana isipokuwa kabila, una shauri. Likionyesha kwamba amekuzidi, afadhali ujue ukiwa nyumbani kwako kuliko kujua ukiwa kizimbani.

Kazi ya pili ni kuandika matukio yanapotokea: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini na nani alisikia. Andika maneno yenyewe, kwa lugha yaliyosemwa. "Meneja alinidharau" hakumsaidii hakimu, ilhali "meneja aliniambia mbele ya karani wa mishahara kwamba nafasi hii ni ya watu wa nyumbani, nijaribu kwetu" kuna msemaji, shahidi na maana. Ujumbe wa simu na wa WhatsApp usiufute, na usibadilishe simu ukaitupa ile ya zamani. Picha ya skrini pekee inaweza kukataliwa: Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti chenye saini kinachoeleza ulivyopatikana, kwa kifaa gani, na kwamba kifaa hicho kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Cheti hicho ni karatasi ya ukurasa mmoja, na ni ajabu jinsi kinavyosahaulika.

Kazi ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayozaa zaidi, ni kuiomba taasisi yenyewe ikupe karatasi zake. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na halazimiki kueleza sababu ya kutaka habari hizo. Taasisi ina siku 21 za kujibu, na ikinyamaza inahesabiwa kuwa imekataa. Barua ya namna hii inatosha:

"Mimi ni raia wa Kenya mwenye kitambulisho kilichotajwa hapo juu. Niliomba nafasi ya mhasibu msaidizi iliyotangazwa na taasisi yenu kwa nambari ya kumbukumbu iliyotajwa hapo juu, na nikahojiwa. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nipewe: idadi ya walioomba nafasi hiyo na idadi ya walioitwa kuhojiwa, vigezo vilivyotumika kuwachuja waombaji, karatasi ya alama zangu na alama za walioajiriwa, kumbukumbu za kikao kilichofanya uamuzi, na mgawanyo wa watumishi wa taasisi kwa kabila na kwa ngazi ya kazi hadi tarehe ya barua hii."

Wakikataa alama za wengine kwa hoja ya faragha, omba alama bila majina. Wakikataa kabisa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Hata kukataa kwenyewe kuna faida, maana taasisi iliyoulizwa kwa adabu vigezo vya kuchuja waombaji ikashindwa kuvitaja itapata taabu kuvitaja baadaye bila kuonekana imevitunga. Kampuni binafsi nayo yaweza kuombwa, mradi uonyeshe kwamba unahitaji habari hizo ili kulinda haki yako. Tena, kabla ya kuandika barua yoyote, soma ripoti ya kila mwaka ya Tume ya Utumishi wa Umma kuhusu maadili na kanuni za Ibara za 10 na 232. Huenda mgawanyo wa kikabila unaoutafuta tayari umechapishwa humo.

Onyo moja hapa ni la lazima. Usiingie katika kabati la ofisi ukapiga picha nyaraka za ndani, wala usimwombe rafiki wa idara ya wafanyakazi akutumie faili kisirisiri. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la uchaguzi wa urais lililofunguliwa na Njonjo Mue na mwenzake, ilikataa kutegemea nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi ambazo hazikupatikana kwa njia halali. Pamoja na kuukosa ushahidi huo, utakuwa umempa mwajiri sababu halali ya kukufukuza, sababu ambayo pengine alikuwa anaitafuta.

Mlango wa kubisha

Mlalamishi mwenye hasira hukimbilia Mahakama Kuu na ombi la kikatiba, na hapo ndipo mashauri mazuri yanapotupwa nje bila kusikilizwa. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba pale sheria inapoweka utaratibu wa kulalamika, utaratibu huo ufuatwe kwanza. Na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inasema vivyo hivyo. Kwa uajiri wa kaunti, kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi ya kaunti haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza utaratibu huo mwaka 2017 katika shauri lililotoka Wajir. Anayeupuuza hupoteza miaka akibishana kuhusu mamlaka ya mahakama, na akirudi kwenye tume atakuta zile siku 90 zilishapita zamani.

Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi mlango ni Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi. Dai lipelekwe ndani ya miaka 3 tangu jambo lilipotokea, na kama ni madhara yanayoendelea, kwa mfano mshahara usio sawa unaolipwa kila mwezi, ndani ya miezi 12 tangu yalipokoma. Kabla ya kushtaki, andika barua ya malalamiko kwa mwajiri na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo inakupa ulinzi wa aina yake: ukihamishwa au ukifukuzwa wiki chache baadaye, mfuatano wa tarehe utajieleza wenyewe, na Sheria ya Ajira inahesabu kumfukuza mtu kwa sababu ya kabila lake, au kwa sababu amefungua malalamiko dhidi ya mwajiri wake, kuwa si sababu ya haki.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, maarufu kama NCIC, inapokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila na wa rangi, inayachunguza na kujaribu kupatanisha. Inafaa zaidi pale tatizo ni la taasisi nzima, au pale mlalamishi bado yuko kazini na hataki vita. Haifai kwa mtu ambaye muda wake wa kwenda mahakamani unayoyoma, kwa hiyo usiache kuhesabu siku zako ukingoja majibu ya tume. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya wananchi.

Njia ya jinai ni nyembamba. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kinaadhibu matamshi ya chuki za kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Uamuzi wa kushtaki uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kiwango cha uthibitisho ni cha juu, na hata mshtakiwa akitiwa hatiani wewe hutarudishiwa kazi. Mtu akikuita kwa tusi la kabila lako katika ofisi, tusi hilo ni ushahidi mzuri sana katika dai la ajira. Kulifanya kuwa kesi ya polisi pekee ni kulipunguzia thamani. Vivyo hivyo kwa njia za mkato za kiutawala. Mwaka 2015, mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi ulipobainika kuwa unawazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, kaunti iliufunga kwa sababu za leseni. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, lakini leseni huombwa upya, ilhali uamuzi wa jaji kwamba Ibara ya 27 inamfunga mwenye mkahawa ungetumiwa na kila mtu aliyezuiwa mlangoni baada ya hapo.

Kuandika ombi

Ombi la kikatiba linafaa pale jambo linagusa watu wengi au pale sheria au sera yenyewe ndiyo ya kibaguzi. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kufungua shauri kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma, na chama cha wafanyakazi chaweza kufungua kwa ajili ya wanachama wake. Katiba inasema kwamba ada haitatozwa kwa kuanzisha shauri la namna hiyo, na kanuni zilizotolewa mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida inayoonyesha haki iliyovunjwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza pia kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Wepesi huo wa kufungua usikudanganye ukaandika kwa ujumla. Tangu uamuzi katika shauri la Anarita Karimi Njeru mwishoni mwa miaka ya 1970, mahakama zimetaka mwombaji ataje haki iliyovunjwa, ibara inayoilinda, na namna ilivyovunjwa. Kurasa kumi kuhusu historia ya ukabila tangu ukoloni hazina uzito wa aya moja inayosema kwamba tarehe fulani bodi iliwahoji watu sita kwa nafasi mbili, kwamba mwombaji alipata alama za pili kwa ukubwa, na kwamba nafasi zilikwenda kwa wa kwanza na wa nne, ambao wote ni wa kabila la mwenyekiti. Historia, kama ina umuhimu, ije baada ya hapo na iwe fupi.

Omba unachokitaka hasa. Ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kutoa tamko la haki, amri ya kuzuia, amri ya kuhifadhi hali ilivyo, kubatilisha sheria, fidia, na amri ya kupitia uamuzi wa kiutawala. Waombaji wengi huweka fidia mbele na kusahau amri ya kuhifadhi hali ilivyo, ambayo ndiyo yenye haraka kuliko zote: walioteuliwa wakishapewa barua na kuripoti kazini, jaji husita kuwaondoa watu ambao hawakutenda kosa, na ombi lako la kurudiwa kwa mahojiano hubaki bila makali. Omba amri hiyo pamoja na ombi lenyewe, siku hiyo hiyo, na uwataje walioteuliwa kama wahusika ili wasikilizwe.

Nje ya mipaka

Mahakama za ndani zikishindwa, ipo njia ya Afrika, nayo ni ndefu. Kenya haijatoa tamko la kumruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Lazima apitie Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, naye aonyeshe kwamba amemaliza njia za nyumbani au kwamba zinachelewa kupita kiasi. Ndivyo walivyofanya Waogiek wa Msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kadhaa, ikiwemo ya kutobaguliwa, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara mengine. Wanubi nao walipata uamuzi wa Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2011 kuhusu watoto wao kunyimwa uraia.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia, haimtaki mlalamishi amalize kwanza njia za nyumbani, na kwa sababu hiyo huwavutia wengi. Lakini mkataba wa Jumuiya unampa miezi 2 tu tangu kitendo kilipofanyika au tangu alipokijua, na Mahakama hiyo haiongezi muda; kwa hiyo anayengoja kwanza rufaa ya nyumbani iishe ndipo aanze kuhesabu, mlango huo atakuta umefungwa.